Mzigo au Ufunuo? Neno "Massa" katika Biblia ya Kiswahili

Kuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa baadhi ya wafasiri kwamba neno la Kiebrania "massa" ni maneno mawili yaliyofanana kwa sadfa: moja ni shehena abebayo mtu au mnyama, jingine ni kauli ya nabii. Kwa imani hiyo hutetewa Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo katika Isaya 13 imeandika "ufunuo" na katika Yeremia 23 ikaandika "mzigo". Utetezi huo hauna mashiko, na hasara yake haiwahusu wanateolojia peke yao.

Neno hili limetokana na kitenzi "nasa", yaani kuinua au kubeba. Watetezi wa "ufunuo" hudai kwamba kinachoinuliwa hapa ni sauti, kama vile Kiswahili kisemavyo kupaza sauti. Hoja hiyo yaweza kueleza asili ya neno. Haielezi matumizi yake. Jerome alipofasiri kwa Kilatini alichagua "onus", mzigo. Naye P.A.H. de Boer alishikilia mwaka 1948 kwamba maana ya mzigo haikuondoka katika vinywa vya manabii.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika Wafalme wa Pili. Katika sura ya 5, Naamani anaomba udongo, "massa" ya nyumbu wawili. Katika sura ya 9, Yehu anaamuru maiti ya Yoramu itupwe katika shamba la Nabothi, akikumbuka "massa" ambayo Mungu aliiinua juu ya Ahabu, baba yake. Kitenzi na nomino vimewekwa pamoja kwa makusudi: Ahabu alitwikwa neno kwa sababu ya ardhi aliyoipora, na uzito wake ukamwangukia mwanawe.

Yeremia 23 hujengwa juu ya uzito uo huo. Watu wanauliza kwa kejeli mzigo wa Bwana ni upi. Mungu anajibu kwamba atawatupa wao, kisha anawakataza kulitamka neno hilo, kwa kuwa kila mmoja ameligeuza kuwa maneno yake mwenyewe. Msomaji aliyezoea "ufunuo" katika Isaya, Nahumu na Habakuki hawezi kuisikia kejeli hiyo. Anadhani ni malalamiko ya wachukuzi.

Kutosikia huko kuna gharama. Mjini Nakuru, na kutoka Njoro hadi Molo, ni jambo la kawaida kumsikia mhubiri akitangaza kwamba Mungu amempa mzigo kwa ajili ya taifa. Usemi huo ndio uliopigwa marufuku na Yeremia, lakini hakuna anayeshtuka, kwa sababu tafsiri imeutenga mzigo na unabii. Na hapo ndipo mahali ambapo mwaka 2008 watu waliofurushwa makwao walijaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, magodoro na masufuria yao mgongoni. Chanzo kimojawapo cha ghasia hizo, kama zile za mwaka 1992, kilikuwa ugomvi wa mashamba. Kwa watu hao "massa" ya Nabothi si fumbo. Mhubiri ajitwikaye mzigo usiomlemea, huku akinyamaza kuhusu shamba la Nabothi, amelipokonya neno uzito wake.

Itasemwa kwamba "mzigo juu ya Babeli" ni Kiswahili kigeni. Pingamizi hilo ni dhaifu. Mswahili humtwika mwenzake lawama, akalemewa na maneno, akautua moyo wake. Lugha yenye kutwika, kulemea na kutua haikosi njia ya kuifasiri "massa". Ufunuo huondoa pazia mbele ya macho, na mwenye kuona aweza kwenda zake. Mwenye mzigo hana budi kuubeba hadi mahali pa kuutua. Tafsiri ijayo na ilirejeshe neno "mzigo" kila mahali Waebrania walipoliweka, nao wahakiki wa fasihi waache kuwaachia wanateolojia peke yao kazi ya kuupima uzito wake.