Mkulima wa Mbeere hataacha muguka bila godauni

Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, kisha Kilifi na Taita Taveta zikafuata, sisi wa Pwani tulizungumza kuhusu vijana wetu. Kule Embu, Gavana Cecily Mbarire alitetea riziki ya watu wake. Mahakama ikasimamisha marufuku, Rais akasema haina nguvu kisheria, kelele zikatulia. Swali moja halikuulizwa vya kutosha: kwa nini mkulima wa Mbeere hapandi kitu kingine?

Anapanda. Ana ndengu, ana maembe, na majirani zake wa nyanda za juu wana makadamia. Tofauti ni kwamba muguka hauhitaji ghala. Unachumwa, unafungwa, gari linaondoka, na pesa zinarudi wiki hiyo hiyo. Ndengu ikikaa nyumbani bila mifuko isiyopitisha hewa huliwa na wadudu. Maembe yote huiva kwa pamoja, na dalali anajua huna pa kuyaweka. Bei anapanga yeye.

Makadamia ndiyo yanayouma zaidi. Yakirundikwa mabichi hupata ukungu. Mnunuzi wa ng'ambo anataka punje iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 1.5 hivi. Bei ya shambani ilipoporomoka, mnamo Novemba 2023 serikali iliruhusu kwa muda wa mwaka mmoja yasafirishwe nje na ganda lake. Mkulima alipata ahueni, lakini kazi ya kubangua ilipanda meli pamoja na mzigo.

Serikali inasema jawabu ni vituo vya kukusanya mazao na viwanda vya kaunti, vinavyojulikana kama CAIP: shilingi milioni 500 kwa kila kaunti, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti yenyewe. Embu imetengewa Machang'a, Mbeere Kusini. Meru nayo imo katika mpango huo. Wazo ni zuri. Wasiwasi wangu ni kwamba tutajengewa godauni la kizamani: kuta nne, bati na kufuli, kisha utepe ukatwe.

Biashara ya leo haihitaji paa tu. Inataka sakafu inayobeba foklifti, kimo cha kupanga paleti, uwanja ambapo trela inaweza kugeuka, mizani inayoaminika, maji safi na mahali pa kupeleka maji taka. Inataka umeme wa fezi tatu usiokatika. Hapo kuna kichekesho kichungu: mabwawa ya Mto Tana, Masinga hadi Kiambere, yako mlangoni pa Mbeere.

Kwa Meru, neno kubwa ni baridi. Parachichi ya kwenda Ulaya kwa meli hupozwa mapema baada ya kuchumwa, kisha huhifadhiwa kwa nyuzi tano au sita hivi hadi mwisho wa safari. Kontena la baridi bandarini Mombasa haliwezi kuliponya tunda lililoiva kwa joto barabarani. Tangu meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka kusini mwa Afrika, safari imerefuka, na kosa dogo la shambani huonekana wazi Rotterdam.

Halafu kuna karatasi. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2019 inamruhusu mkulima kuweka nafaka katika ghala lililosajiliwa na kutumia stakabadhi yake kuomba mkopo, badala ya kuuza kwa bei ya kutupa. Ghala lisilo na leseni wala msimamizi anayeeleweka haliwezi kufanya hivyo. Na hakuna mwekezaji atakayefunga mashine za mamilioni bila mkataba wa pango unaodumu zaidi ya muhula wa gavana. Meru imeona kiongozi wake akiondolewa ofisini, na uchaguzi wa 2027 hauko mbali.

Magavana wa Pwani wana sababu ya kulifuatilia hili, wasiwaachie Nairobi na Embu peke yao. Mzigo huo ukihifadhiwa vizuri unapita bandari yetu, na ndengu inafika Kongowea hata nje ya msimu. Siku watakapokaa tena na wenzao wa Embu kuhusu muguka, waulize pia Machang'a imefika wapi, umeme umefikishwa au bado, na ni nani atakayeshika funguo.