Mwenye panga miaka 30, mwenye kalamu faini?

Naomba nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wananchi wengi wamekuwa wakilinung'unikia vijiweni, ndani ya mabasi na hata wanapotoka katika nyumba za ibada. Jambo lenyewe ni adhabu nyepesi wanazopewa watumishi wa umma wanaopatikana na hatia ya kupokea rushwa.

Habari hizi tunazisoma mara kwa mara, nazo hufanana kama shilingi kwa ya pili. Mtumishi amedai hongo kwa mwananchi. Mwananchi ametoa taarifa TAKUKURU. Noti za mtego zimeandaliwa, mtumishi kanaswa nazo mfukoni, kafikishwa mahakamani, mashahidi wamekuja na hakimu ameridhika kwamba kosa limetendeka. Kisha unafika mstari wa mwisho wa habari: mshitakiwa alitakiwa kulipa faini ya shilingi 500,000 au kwenda jela miaka mitatu, alilipa faini na kuachiwa. Msomaji hukunja gazeti, akaguna, akamwambia jirani yake: "Umeona? Katoka!"

Kabla sijaendelea, ni vyema nieleze kwamba sina nia ya kuingilia uhuru wa mahakama. Wala hakimu huyo hakujitungia adhabu hiyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 15, iliweka adhabu ya faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili kwa pamoja. Hakimu anayetoa faini ya laki tano amefuata sheria. Lakini mwenye kuipima sheria hiyo kwa akili ya kawaida ataona kwamba mlango umeachwa wazi, na anayepita mlangoni hapo daima ni yule mwenye fedha.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme mtumishi mmoja amechukua shilingi 200,000 kwa kila mwananchi anayefika mezani kwake na shida. Kwa watu kumi amekwisha kusanya milioni mbili. Mtu wa kumi na moja akamripoti, akanaswa, akatozwa faini ya laki tano. Mahakama imemhukumu kwa kosa la yule wa kumi na moja tu, maana wale kumi walinyamaza. Baada ya kulipa faini bado amebakiwa na milioni moja na nusu ya jasho la watu. Je, hiyo ni adhabu au ni ushuru wa biashara?

Najua watakuwapo watakaosema kwamba mtumishi huyo hupoteza kazi, na kwamba aibu peke yake ni adhabu tosha. Kupoteza kazi ni jambo zito, sikatai. Lakini mwizi wa ng'ombe naye hupata aibu kijijini kwake, wala hakuna anayesema aibu hiyo ihesabiwe badala ya jela.

Sasa tutazame upande wa pili wa mizani. Sheria yetu inamtaka hakimu ampe mtu aliyepatikana na hatia ya unyang'anyi wa kutumia silaha kifungo kisichopungua miaka 30. Kijana aliyemtishia mpita njia kwa panga na kumnyang'anya simu, akithibitika kufanya hivyo, atakwenda jela miaka 30 na hakimu hana hiari ya kupunguza hata mwezi mmoja. Mimi simtetei kijana huyo. Panga ni panga, na aliyeshikiwa panga shingoni anajua hofu yake. Lakini nauliza: mkaguzi anayepokea hongo na kuliruhusu basi bovu kupakia abiria sitini, je, yeye hakuwashikia abiria wale panga? Mtumishi wa afya anayemdai mama mjamzito "kitu kidogo" wakati uchungu umemshika, tofauti yake na yule wa gizani ni ipi, isipokuwa kwamba yeye amevaa mavazi ya kazi tuliyomnunulia sisi wenyewe kwa kodi zetu? Mwenye panga tumempa miaka 30. Mwenye kalamu tumempa risiti ya faini.

Ndugu Mhariri, hatukuanza hivi. Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, ilitungwa Sheria ya Adhabu za Chini. Kwa makosa yaliyotajwa ndani yake, na rushwa ikiwa mojawapo, mkosaji alikwenda jela si chini ya miaka miwili na alichapwa viboko 24: kumi na viwili siku ya kuingia na kumi na viwili siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere alipenda kuizungumzia sheria ile, hasa vile viboko vya kutoka ambavyo mtu angekwenda kumwonyesha mkewe. Sheria ya mwaka 1972 iliyochukua nafasi yake iliondoa viboko, na vilirudishwa mwaka 1989. Sisemi turudi kwenye viboko. Ninachosema ni kwamba viongozi wa wakati ule, katika nchi iliyokuwa changa na maskini kuliko ilivyo leo, waliona wazi kuwa mla rushwa hastahili kuchagua kati ya jela na pochi yake. Iweje miaka 44 baadaye tukampa nafasi hiyo ya kuchagua?

Itasemwa kwamba Serikali imekwisha chukua hatua. Ni kweli, na ni haki kuitaja. Mwaka 2016 ilianzishwa Divisheni ya Mahakama Kuu ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, ile ambayo wananchi waliibatiza jina la Mahakama ya Mafisadi, na adhabu za makosa ya uhujumu zikapandishwa hadi kifungo cha miaka 20 na kuendelea. Mwezi Februari 2019 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, aliyejulikana kama Malkia wa Pembe za Ndovu, kifungo cha miaka 15. Nchi nzima ilishangilia. Kwa hiyo uwezo wa kutoa adhabu zenye uzito tunao.

Lakini tuangalie vizuri. Mahakama ile ya mwaka 2016 iliwekewa kiwango cha mashauri yanayofikia shilingi bilioni moja. Kosa la kawaida la kudai na kupokea hongo, lile la kifungu cha 15, liliachwa lilipokuwa. Maana yake ni kwamba rushwa ya bilioni imepata mahakama yake maalum, ila rushwa ya laki mbili, inayotukuta sisi wakulima, wachuuzi, madereva na wazazi kila siku ya Mungu, imebaki na faini. Tume ya Rais ya mwaka 1996 iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitufundisha kuwa rushwa iko ya namna mbili, ndogo na kubwa. Ile ndogo huitwa ndogo kwa sababu fedha zake ni chache. Maumivu yake si madogo. Kwa mjane ambaye shamba lake limeandikwa jina la mtu mwingine, hakuna kitu kidogo hapo.

Hata kwa wakubwa, bado wananchi hawajasahau. Mwezi Julai 2015 mahakama iliwatia hatiani mawaziri wawili wa zamani, Basil Mramba na Daniel Yona, kwa matumizi mabaya ya madaraka katika suala la msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu, ambao uliitia Serikali hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 11. Walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Baada ya rufaa kikawa miaka miwili. Ilipofika Februari 2016 walitolewa gerezani ili wamalizie adhabu zao kwa kufanya usafi hospitalini, Dar es Salaam. Yote hayo yalifanyika kwa mujibu wa sheria, maana Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu kifungo kisichozidi miaka mitatu kitumikiwe hivyo. Hakuna aliyevunja taratibu. Lakini mwananchi wa kawaida aliyapima mambo mawili tu, bilioni 11 na ufagio, akaona mizani haikukaa sawa. Ni wafungwa wangapi wa makosa madogo waliokuwa na haki ya kufagia hospitali hizo hizo, nao wakabaki ndani kwa kuwa hawakuwa na wakili wa kuwaombea?

Hapa ndipo penye hatari ambayo ndiyo hasa iliyonisukuma kushika kalamu. Wananchi wanapoona mahakama inaachia, wanaanza kuhukumu wenyewe. Tunasoma kila mara juu ya "wananchi wenye hasira kali" waliompiga mtu hadi kufa au kumchoma moto kwa tairi na petroli. Ukiwauliza sababu, jibu lao ni moja: "Tukimpeleka polisi, kesho tutakutana naye mtaani." Aliyeuawa pengine ni mwizi wa kuku, pengine hana kosa kabisa ila alipita njia ile kwa bahati mbaya. Kuua hivyo ni uhalifu mkubwa kuliko ule wanaoulalamikia, na nalaani kwa nguvu zote. Lakini tusijidanganye. Imani ya watu kwa mahakama ikipungua, hasira huziba pengo hilo. Tena jambo la kusikitisha ni kwamba hasira hiyo humwangukia maskini peke yake, maana hakuna mla rushwa aliyewahi kukimbizwa mtaani kwa mawe.

Wala sipendekezi ukali usio na utaratibu. Tuliujaribu. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu na walanguzi iliyoongozwa na Hayati Edward Sokoine, ilitungwa sheria maalum na mahakama maalum ambamo washitakiwa hawakuruhusiwa kuwa na mawakili. Nia ilikuwa njema na wananchi tuliiunga mkono, lakini mwaka uliofuata ilibidi sheria hiyo ibadilishwe na mashauri yapelekwe Mahakama Kuu, kwani wasio na hatia nao wangeumia. Funzo lake ni kwamba adhabu kali ni lazima itanguliwe na haki kamili. Ninachoomba ni kwamba mtu akiisha kupewa haki yake yote, akasikilizwa, akapatikana na hatia, basi adhabu ifanane na kosa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo:

Kwanza, Bunge letu tukufu liondoe hiari ya faini kwa mtumishi wa umma aliyedai hongo ili atoe huduma ambayo mwananchi anastahili kuipata bure, na hasa katika afya, polisi, ardhi, ukaguzi wa vyombo vya usafiri na mahakama zenyewe. Kama faini ni lazima ibaki kwa makosa mengine, basi isiwe ya kiwango kilichogandishwa tangu mwaka 2007, bali ifuate ukubwa wa fedha na madhara yaliyotokea.

Pili, waendesha mashitaka wasione kazi yao imekwisha mara mshitakiwa anapotiwa hatiani. Sheria inawaruhusu kukata rufaa dhidi ya adhabu iliyo ndogo mno. Waitumie nafasi hiyo bila kusita.

Tatu, mahakimu wetu waeleze kwa wazi sababu za adhabu wanazotoa. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hivyo hakuna kizuizi tena. Mwananchi akielezwa kwa lugha yake kwa nini huyu kapewa faini na yule jela, hata asipokubali, ataondoka akijua hakuna kilichofichwa.

Nne, aliyeumizwa asisahauliwe. Faini inakwenda Serikalini, lakini yule mama aliyedaiwa hongo anarudi nyumbani mikono mitupu. Katiba yetu, katika Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi na zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika. Maneno hayo yaliwekwa yatumike.

Tano, na hili ni letu sisi wananchi. Tusilaumu mahakama huku tukikwepa kutoa ushahidi. Mwaka 1998 ilitungwa sheria ya makosa ya kujamiiana yenye adhabu kali ya miaka 30, na maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka kumi. Hata hivyo mashauri mengi yamekufa kwa sababu wazazi walikaa barazani, wakapokea mbuzi na fedha kidogo, "wakayamaliza" kifamilia. Sheria kali isiyo na shahidi ni bunduki isiyo na risasi. Ndivyo ilivyo kwa rushwa pia. Wale watu kumi walionyamaza katika hesabu yangu ya hapo juu ndio waliomtajirisha mtumishi yule.

Kwa kumalizia, nawaomba waheshimiwa wabunge walifikirie jambo hili kabla wananchi hawajakata tamaa kabisa. Mwenye panga tumemwekea miaka 30, naye anajua. Umefika wakati mwenye kalamu naye ajue kwamba laki tano haitamtoa.

Mkulima,
Kilosa, Morogoro.