Mutoto wa Muislamu ku masomo ya Wakatoliki si mugeni

Wananchi wenzetu, vijana wa Goma, Bukavu, Butembo, Uvira na kwingine,

Kila mwaka wa masomo tunasikia habari ileile. Mutoto wa kike amerudishwa ku mulango juu amefunika kichwa. Kijana Muadventisti amepewa sifuri juu interogasio ilifanywa siku ya posho, na yeye alikuwa ku ibada. Mwingine amekatwa pointi za mwenendo juu hakuingia misa. Muzazi akienda kulalamika, anajibiwa: "Hii ni masomo ya Wakatoliki. Kama hupendi, peleka mutoto kwenu."

Hilo jibu si kweli.

Sehemu kubwa ya masomo tunayoita ya Wakatoliki ni masomo ya serikali yenye Kanisa inasimamia. Mwaka wa 1974 Mobutu alinyanganya makanisa masomo yao. Mambo yakaharibika haraka, na tarehe 26 mwezi wa pili 1977 serikali ikasaini konvansio na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu; Waislamu waliingia baadaye. Kutoka pale njo tuko na masomo ya konvansio. Kanisa inaongoza kazi ya kila siku, inafundisha dini, inalinda nidhamu. Serikali inatoa programu, inatuma inspekta, inapanga mitihani ya mwisho na inalipa mwalimu (ao inamusahau, hiyo tutaiongelea siku ingine). Zile franga zinatoka pia kwa mama Muislamu anayeuza samaki na kwa baba Muadventisti anayeendesha pikipiki. Sasa "kwenu" ni wapi?

Katiba ya 2006 iko wazi. Kifungu cha 13 kinakataza kumubagua Mukongomani mu mambo ya elimu juu ya dini yake. Kifungu cha 45 kinasema kila mutu anaingia ku masomo ya taifa bila ubaguzi wa dini, na kinaongeza jambo lenye wazazi wengi hawajui: masomo yanaweza, pamoja na viongozi wa dini, kumupatia mwanafunzi malezi yanayopatana na imani yake, kama wazazi wameomba, ao yeye mwenyewe kama ni mutu mukubwa.

Tuseme pia upande mwingine. Wakati serikali ilikimbia kazi yake, wamasera na wapadri walibakia. Wengi kati yetu, wenye diploma ndani ya kabati na bila kazi, tulijifunza kuandika kwao. Njo maana Muislamu na Muadventisti wanapanga mustari kule mwezi wa tisa: mwalimu anafika na saa inaheshimiwa. Hatuombi musalaba utoke ku ukuta, wala misa ifutwe. Na seminari ndogo ni habari ingine, kule mutu anaenda akitafuta upadri.

Lakini historia ya inchi hii inatufundisha kuogopa mulango mwembamba. Wakati wa Wabeleji, mpaka kisha vita ya 40-45, pesa ya koloni ya kusomesha Wakongomani ilienda kwa misioni za Kikatoliki. Waprotestanti walianza kuipata mwisho wa miaka ya 1940 tu, na masomo ya serikali bila dini kwa Wakongomani yalianza 1954. Kwa familia nyingi za Waislamu kule Kasongo, kusoma na kubatizwa vilikuwa jambo moja, na wengi waliamua watoto wabakie nyumbani. Maniema ingali inalipa hasara ile.

Kanisa yenyewe iliisha kusema. Mutaguso wa Vatikano wa pili, katika Dignitatis Humanae ya tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 1965, unasema haki ya wazazi inavunjwa kama watoto wao wanalazimishwa kufuata mafundisho yasiyopatana na dini yao. Prefe anayefukuza mutoto juu ya misa anapingana na maaskofu wake mbele ya kupingana na sisi.

Tunachoomba hakilipishi kitu. Kitambaa cha kichwa kiwe cha rangi ya iniforme, basi. Asiyeingia misa abakie ku darasa na kitabu, asitumwe kufagia kiwanja kama mwenye azabu. Siku ya posho njo ngumu zaidi, juu masomo mengi yanafundisha ile siku: somo lenyewe mutoto atakopi kwa mwenzake, lakini interogasio ihamishwe siku ya kwanza. Kama ni mutihani wenye serikali imepanga, hapo prefe hana nguvu, ni wizara ijibu. Na Mukristo anayesoma ku masomo ya konvansio ya Waislamu apewe heshima ileile, tusipate kusikia kule mambo tunayokataa huku.

Wazazi, ombeni kwa maandishi. Barua kwa prefe, kopi kwa kordinasio na kwa sudivizio. Mubakie na moja yenye muhuri wa kupokelewa. Kama jibu ni la mudomo, ombeni liandikwe. Mwanafunzi mwenye miaka 18 aandike mwenyewe. Wenye hawajui namna ya kuandika ile barua, watukute: tuko na diploma na tuko na wakati. Masomo yanafunguka mwezi wa tisa, barua zifike mbele ya pale.