Askari Achague Pikipiki Anayoiweza

Na Afisa wa Uhusiano wa Jeshi

Mkopo wa chama cha akiba ukiisha kuidhinishwa, kitu cha kwanza kinachotamaniwa na askari wengi vijana si shamba wala mabati ya kuezekea nyumba ya wazazi, bali ni pikipiki. Tamaa hiyo haina lawama. Askari aliyepangwa katika kambi iliyo mbali na barabara kuu, au polisi ambaye kituo chake kiko upande mmoja wa kilima na familia yake upande wa pili, anajua jinsi saa mbili za kutembea zinavyoweza kugeuka dakika ishirini. Hapa Uganda usafiri huu ulianza kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo katika mpaka wa Busia, ukapata jina la boda boda, na leo hakuna kijiji ambacho haujafika. Kwa hiyo makala hii haina nia ya kumkataza askari kununua pikipiki. Nia yake ni kumwomba asinunue pikipiki asiyoiweza.

Naandika haya kwa sababu nina deni. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa luteni mpya niliyetoka chuo cha makadeti, nilipewa platuni ambayo ndani yake alikuwamo koplo mmoja hodari, mwenye shabaha nzuri na tabia njema. Koplo huyo alichukua mkopo, akaniomba nimsindikize kwenda kutazama pikipiki. Tuliikuta imesimama mbele ya duka: ndefu, nyekundu, ya sentimita za ujazo 250, yenye matairi ya meno makubwa, nayo ilikuwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Alipoipanda, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa ardhi. Maishani mwake alikuwa hajaendesha chombo chochote isipokuwa baiskeli. Akanigeukia akaniuliza, “Afande, waionaje?” Nami, kwa ujinga wa kijana mwenye nyota mpya mabegani, nikamjibu, “Hiyo ndiyo pikipiki ya mwanamume.”

Wiki ya tatu, alipokuwa akienda kumsalimu mama yake, mvua ikiwa imetoka kunyesha, alikutana na lori la matoke kwenye kona ya mteremko wa barabara ya udongo. Alikaza breki ya mbele kwa nguvu zake zote, gurudumu likateleza, akatafuta ardhi kwa mguu asiipate, na pikipiki ikamwangukia. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Mkopo haukukatwa, uliendelea kutolewa katika mshahara wake mwezi hadi mwezi, ingawa chuma kile kilikuwa kimekwisha kuuzwa kwa kilo. Nilipomtembelea hospitalini hakunilaumu. Aliniambia maneno machache tu: “Afande, haukuwa mkosi. Sikuiweza.”

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini kijana yule hakukataa la mkuu. Mkuu aliyekuwapo ni mimi, naye alipouliza hakupewa shauri, alipewa sifa.

Ndugu askari, sisi tulio katika majeshi ya ulinzi na usalama hatungepaswa kufanya kosa hili, kwa maana mafunzo yetu wenyewe yanalikataza. Kuruta hapewi bombomu siku ya kwanza. Huanza na gwaride la mikono mitupu, kisha hupewa bunduki isiyo na risasi, akafundishwa kuifungua, kuisafisha na kuifunga hata gizani, na ndipo hupelekwa uwanja wa shabaha. Hakuna anayelia kwamba anadharauliwa. Basi, mtu yule yule aliyepitia ngazi hizo zote kwa silaha, iweje anapofika kwenye pikipiki ataka kuanzia ngazi ya juu kabisa?

Historia ya wanajeshi wenzetu ina somo. T. E. Lawrence, afisa wa Uingereza aliyepata sifa katika mapigano ya Uarabuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipenda mno pikipiki za mbio za Brough Superior, naye alikuwa amemiliki kadhaa. Hakuwa mwanafunzi. Lakini tarehe 13 Mei, 1935, huko Dorset nchini Uingereza, alikwepa ghafula watoto wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akarushwa, akaumia kichwa. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alifariki tarehe 19 Mei bila kupata fahamu. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye baadaye alichunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi waliokuwa wakipeleka barua na amri. Mwaka 1941 alitangaza matokeo ya uchunguzi wake, na mwaka huo huo Jeshi la Uingereza likawaamuru waendesha pikipiki wake wote wavae kofia ngumu. Kofia tunazoziona leo kuwa mzigo zilizaliwa na vifo vya askari.

Somo la pili latoka Marekani. Mwaka 1981 ilitolewa taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambao wachunguzi wake walikwenda wenyewe mahali pa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Waligundua kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwa wamefundishwa rasmi. Walijifunza wenyewe au kwa jamaa na marafiki. Tena zaidi ya nusu walikuwa na uzoefu wa chini ya miezi 5 na pikipiki ile ile iliyowaangusha. Los Angeles si Mbarara wala Gulu, lakini mwili wa binadamu ni ule ule, na miezi ya mwanzo ni ya hatari popote.

Sasa, pikipiki ya kwanza iwe ya namna gani? Kwanza, injini yake iwe ndogo. Kwa maoni yangu mwanafunzi asivuke sentimita za ujazo 125, ambazo mafundi wetu huziita sisi 125, na akivuka sana asipite 150. Pikipiki ya sisi 100 hutoa takribani nguvu za farasi 8. Zile za mbio za sisi 600 hutoa zaidi ya 100. Mkono wa mwanafunzi haujajifunza kuachia klachi polepole wala kufungua mafuta kwa kipimo. Akikosea kwa pikipiki ndogo, itaruka kidogo au itazimika, naye atachekwa. Akikosea kwa ile kubwa, hatapata nafasi ya kuchekwa.

Tukumbuke hesabu ya mwendo. Kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki hupita mita 11 kila sekunde. Kwa kilomita 80 hupita mita 22. Lakini urefu unaohitajika ili breki ziisimamishe hauongezeki mara mbili tu, bali mara nne. Barabara zetu zina watoto, mbuzi, mashimo na magari yasiyo na taa. Mwenye pikipiki ndogo hana mwendo wa kumpita mwenzake kwa majivuno, lakini anabaki na nafasi ya kusimama.

Pili, tazama urefu na uzito. Kaa juu ya kiti ukiwa umevaa viatu utakavyoendea safari. Nyayo zako zote mbili zikae chini bapa, si vidole peke yake. Kisha iombe pikipiki ilazwe kwenye majani, uiinue mwenyewe bila msaada. Zile ndogo zina uzito wa kilo 110 hivi, na askari mwenye afya aweza kuziinua akijua namna ya kutumia miguu na mgongo wake. Zile za sisi 600 hukaribia au kupita kilo 200. Ikikushinda ikiwa imelala, itakushinda zaidi ikiwa inaanguka.

Tatu, chagua aina ambayo fundi wa kila kituo cha biashara anaijua. Bajaj Boxer na TVS zimeenea nchini kwa sababu vipuri vyake hupatikana na mafundi wamezizoea. Pikipiki ya fahari ambayo cheni yake au kebo ya klachi lazima itafutwe Kampala itakaa chini ya mwembe mwezi mzima huku mkopo ukikatwa. Tena askari huhamishwa. Leo yuko Masaka, kesho yuko Karamoja. Yafaa awe na chombo kitakachopata fundi huko aendako.

Najua jibu la wengi. Watasema, “Afande, nikipanda Boxer watu watanipungia mkono wakidhani mimi ni mtu wa boda boda.” Ni kweli, watakupungia. Hata hivyo, mtu wa boda boda ni mwananchi anayelisha watoto wake kwa jasho, na heshima ya askari haikuwekwa katika tangi la mafuta. Imewekwa katika mwenendo wake. Wengine husema kwamba pikipiki ndogo watachoka nayo mapema, hivyo ni hasara. Lakini pikipiki ndogo iliyotunzwa huuzika haraka, maana wanunuzi wake ni wengi, na aliyeiendesha mwaka mmoja bila kuanguka ana haki ya kuiuza na kupanda ngazi. Usione vyaelea, vimeundwa. Yule umwonaye akikunja kona kwa madaha alianza mahali, na alianza polepole.

Kwa wanaonunua iliyokwisha kutumika, nawasihi waende mchana pamoja na fundi wasiyeletewa na muuzaji. Shika injini kabla haijawashwa. Ikiwa imekwisha kupashwa moto, uliza kwa nini. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Tazama meno ya sproketi kama yamechongoka, inua gurudumu la mbele uone kama usukani unacheza, pitisha jicho katika fremu utafute alama za kuchomelewa. Zaidi ya yote, linganisha namba ya fremu na namba ya injini na zile zilizo katika kitabu cha usajili. Askari au polisi anayekamatwa juu ya pikipiki ya wizi, hata kama aliinunua kwa nia safi, huivunjia heshima sare ambayo wenzake wanaivaa.

Fedha zote zisiishie dukani. Nashauri kila atakayenunua atenge fungu moja katika matano ya fedha zake kwa mambo manne: kofia ngumu inayobana vizuri na yenye kamba ya kufungwa kidevuni; viatu vya kufunika kifundo; mafunzo; na leseni, ambayo hapa kwetu twaiita pamiti, ya daraja A. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Kofia iliyotundikwa kwenye kioo cha pembeni haipunguzi kitu. Na polisi anayemsimamisha raia asiye na kofia, jioni akarudi nyumbani kichwa wazi, amewafundisha watu kwamba sheria ni ya mchana tu.

Mafunzo yenyewe hayahitaji makubwa. Kiwanja cha kambi Jumapili asubuhi chatosha, akiwapo mwalimu mwenye subira. Mwanafunzi ajifunze kuondoka na kusimama mara mia, kuzunguka madebe, na kutumia breki zote mbili pamoja. Wengi huogopa ile ya mbele, kumbe ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha, kwa kuwa uzito husogea mbele chombo kinapopungua mwendo. Lakini yataka kukazwa kwa kuongezwa taratibu, na juu ya udongo wenye maji iguswe kwa upole. Koplo wangu angefundishwa jambo hilo moja tu, huenda leo angekuwa sajini mwenye miguu miwili. Abiria asipakiwe mpaka miezi ya mwanzo ipite, na hata baada ya hapo awe mmoja, kama sheria inavyotaka.

Mwisho, nazungumza na wakuu wenzangu, kuanzia makoplo hadi maofisa. Askari kijana atakapokuja kukuuliza juu ya pikipiki anayoitamani, usimsifu, na wala usimcheke. Nenda naye dukani, mwambie akae juu yake, utazame nyayo zake. Zikining'inia, mwambie waziwazi kwamba hiyo si yake bado. Atakasirika siku moja au mbili. Taifa limetumia fedha na miaka kumfundisha kijana huyo, na mama yake anamngojea Jumamosi. Mimi niliulizwa nikajibu vibaya. Wewe utakapoulizwa, jibu vizuri.