BAADA YA ZAMU (6): Ukirusha Pangaboi la Zamani, Usiliharakishe

Tunaendelea na mfululizo wetu wa mambo ambayo nesi anafanya akishavua yunifomu. Niliposema kwamba nikiwa ofu huwa narusha ndege za zamani kwenye kompyuta, nusu yenu mlicheka, nusu mkauliza mnaanzaje. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na nina msimamo mmoja ambao mnaruhusiwa kubishana nao: ukiamua kurudia safari ya ndege ya zamani, irushe kwa muda wake halisi, dakika kwa dakika. Kama utaiharakisha, bora ukaangalie video tu.

1. Tunazungumzia nini hasa?

Simuleta ni programu inayoiga ndege, hewa, na dunia iliyo chini yake. Wengi humo wanarusha majeti. Unaingiza njia kwenye kompyuta ya ndege, unawasha otopailoti, unaenda kusonga ugali, unarudi kutua. Sawa, kila mtu na starehe yake. Lakini wapo wanaopenda zile tunazoziita kwa kejeli pangaboi: DC-3, DC-6, Constellation. Hawa wanatafuta ratiba za zamani na kupita vituo vilevile.

Mimi chaguo langu ni DC-3, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Dakota. Iliruka mara ya kwanza Desemba 1935. Njia yangu ni ya pwani: Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Shirika la East African Airways, lililoanza 1946 na kufa 1977, lilitumia Dakota kwa miaka mingi. Leo Nairobi hadi Dar kwa jeti ni kama saa moja na kidogo. Dakota inakwenda kama kilomita 270 kwa saa, kwa hiyo Nairobi hadi Mombasa peke yake ni zaidi ya saa moja na nusu, na bado hujafika hata Tanga.

Halafu haina mfumo wa kujaza hewa ndani, kwa hiyo huwezi kupanda juu sana. Unakaa kwenye mita 3,000 hivi. Kilimanjaro ina mita 5,895. Ukiwa kwenye jeti unautazama mlima kwa chini. Kwenye Dakota unapita upande wako wa kulia na unainua shingo kuuona kilele. Hiyo ramani haikuambii, na ukiharakisha muda utauona kama nguzo ya umeme ukiwa kwenye basi.

2. Injini inayoficha ugonjwa

Manesi, hapa nawataka mkae vizuri.

Dakota ina injini mbili, kila moja ina silinda 14. Otopailoti yake ya kale inashika mwelekeo na kuiweka ndege sawa, basi. Injini ni juu yako: mafuta kiasi gani, hewa kiasi gani, zipoe au zipate joto.

Sasa kuna ugonjwa mmoja unaitwa barafu ya kabureta. Usidhani ni mpaka uwe Ulaya wakati wa theluji. Hewa yenye unyevu, hata nje kukiwa na nyuzi 20, inaweza kugandisha barafu ndani ya kabureta na kuanza kuiziba. Ungetegemea nini? Mizunguko ya propela ishuke, siyo? Haishuki. Propela ina kifaa kinachogeuza mkao wa mapanga yake ili mizunguko ibaki palepale. Unatazama mshale wa mizunguko, uko sawa. Unasikiliza, sauti karibu ni ileile. Kinachoshuka taratibu, kidogo kidogo, ni kipimo cha presha ya hewa inayoingia kwenye injini.

Hii si inakukumbusha kitu? Mama amejifungua, anavuja damu polepole. Unapima presha: 118, halafu 116, halafu 115. Unasema yuko vizuri. Lakini mapigo ni 84, halafu 96, halafu 110. Mwili unafidia. Moyo unakimbia, mishipa inajibana, presha inashikiliwa ibaki palepale, mpaka mwili unapochoka kufidia, na hapo inaporomoka kwa mara moja. Nesi aliyeangalia namba moja tu atashtuka. Nesi aliyezisoma zote kwa mfuatano alikuwa ameshaita msaada.

Ndiyo maana nikirusha Dakota nina karatasi pembeni, nimeichora mistari kama chati ya wodini. Kila dakika 10 naandika: joto la oili, joto la silinda, presha ya hewa, mizunguko, mafuta yaliyobaki. Namba moja haina maana kubwa. Maana iko kwenye mwendo wa namba.

Simuleta ina kitufe cha kufanya muda ukimbie mara 4, hata mara 16. Ukikibonyeza, dalili iliyochukua dakika 20 kujitokeza inapita kwa zaidi ya dakika moja kidogo. Utaona injini imezimika, hutaona ilivyougua.

3. Na kile kitufe cha kuwasha vyote kwa mkupuo

Hicho nacho kiache. Soma orodha ya ukaguzi, kipengele kwa kipengele. Oktoba 30, 1935, ndege mpya ya majaribio ya Boeing ilianguka Ohio, Marekani, mara tu baada ya kupaa, kwa sababu kufuli la usukani wa mkiani halikuwa limefunguliwa. Rubani alikuwa mzoefu sana. Baada ya hapo marubani wa jeshi wakaanza kutumia orodha za kusoma, badala ya kutegemea kichwa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya usalama wa upasuaji, ileile tunayoisoma tietani kabla ya mgonjwa kupewa usingizi, kabla ya kisu, na kabla hajatoka. Wazo ni lilelile. Anayeiruka kwenye gemu kwa sababu "naijua kwa kichwa" ajiulize kazini anaisomaje.

4. Mnayonipinga

"Dada, hayo ya ndege yanamhusu nini nesi?" Yanamhusu tangu zamani. Mei 15, 1930, mhudumu wa kwanza wa kike wa ndege, Ellen Church, alianza kazi Marekani kwenye ndege ya propela yenye injini tatu. Alikuwa nesi, na alikuwa amejifunza kurusha ndege. Urubani hakupewa. Yeye na wenzake 7 wa mwanzo wote walikuwa manesi, maana abiria wa enzi hizo walitapika, walipauka, na waliogopa kweli.

"Unatukuza ukoloni." Hoja nzito hii, siipuuzi. Shirika lilianzishwa chini ya serikali za kikoloni, na watu wetu wengi wakati huo waliziona Dakota kutoka chini. Lakini baadaye lilikuja kuwa shirika la nchi zetu, na historia yake ni yetu, pamoja na machungu yake. Kuirudia kwa uaminifu ni kuikubali ilivyokuwa: kelele, mtikisiko, joto la kiwanjani, vituo vingi. Anayeharakisha anabaki na picha nzuri tu za machweo, na hiyo ndiyo inayotukuza.

"Mashine za kisasa zinatuangalizia." Asante Mungu kwa monita, sizichukii hata kidogo. Ila umeme ukikatika na jenereta likachelewa, monita inazima, mgonjwa bado anapumua pale kitandani. Hapo anabaki na wewe, saa yako ya mkononi na vidole vyako. Jicho la kufuatilia lisipotumika linalegea. Gemu halitakufanya rubani, na halichukui nafasi ya mafunzo ya wodini. Linakupa mahali pa kukaa na kitu kimoja, ukakitazama bila kukimbia, bila mtu kufa ukizubaa. Kwa mtu aliyetoka zamu ya vitanda 30, hiyo ni mapumziko.

"Muda sina." Hili nalielewa kuliko yote. Basi usirushe safari ndefu. Zanzibar hadi Dar ni kama kilomita 70. Ni dakika 20 hivi angani. Tanga hadi Zanzibar ni kama nusu saa. Kipande kifupi kilichorushwa chote kwa haki kinashinda Nairobi hadi London iliyobanwa ndani ya saa moja.

5. Ukitaka kuanza

FlightGear ni ya bure, unaipakua tu. Microsoft Flight Simulator ina DC-3 kwenye toleo la miaka 40 lililotoka Novemba 2022, ila inataka kompyuta yenye nguvu na bando la kutosha. Kijiti cha kuongozea ni kizuri, siyo lazima. Karatasi na kalamu ni lazima. Na usirushe ukiwa umetoka usiku, jamani. Lala kwanza.

Haya, uwanja ni wenu. Wale mnaobonyeza mara 16, jiteteeni hapo chini, nasoma zote. Na kama una babu au bibi aliyewahi kupanda Dakota, au aliyebeba mizigo pale kiwanjani, muulize leo hiihii alisikia nini, alinusa nini, kisha utuandikie. Hayo hakuna programu inayoyajua, na hawa wazee tunawapokea wodini kila wiki.

Sehemu ya 7 ni ya miguu kuvimba na viatu vya zamu. Usiku mwema kwa walioko ofu, zamu njema kwa walioko kazini.