Hatujamalizana

Karatasi yenyewe ni ukurasa wa daftari la shule, umechanwa vibaya upande wa kushoto. Ina mistari tisa ya kalamu ya bluu. Inasema mjomba wangu amepokea shilingi 350,000 kutoka kwa ndugu wa dereva "kwa ajili ya ajali", kwamba hana kinyongo na mtu, na kwamba hatadai kitu kingine chochote leo wala siku zijazo. Chini kuna saini mbili, dole gumba moja na muhuri. Dole gumba ni la mjomba. Kusoma na kuandika anajua vizuri tu, ila siku ile mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

Ilikuwa jioni ya mwezi wa sita, wakati wa kuvuna mpunga. Alikuwa akisukuma baiskeli yenye gunia, pembeni kabisa mwa barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Manyoni na Singida, nje kidogo ya mji wa Bahi. Pikapu iliacha lami ikamfuata huko huko pembeni. Mguu wa kushoto ulivunjika sehemu mbili. Vijana wa bodaboda waliofika kwanza wanasema dereva alishuka, akashindwa kusimama, akaegemea boneti na kuanza kuwaomba wampigie simu kaka yake. Alinuka bia. Hilo hakuna aliyelibishia, hata ndugu zake.

Usiku ule nilipigiwa simu. Mimi ndiye niliyesoma katika ukoo, kwa hiyo mimi ndiye wa kuulizwa. Shangazi alisema ndugu wa dereva wamekuja, watu wastaarabu, wameleta soda na wako tayari kutoa chochote. Nikiwa nimelala zangu Dar es Salaam, nikajibu, "Kama wanatoa, pokeeni, malizaneni." Ninaandika haya kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mimi.

Tulitazame hilo neno, kumalizana. Lina kiambishi cha kutendana, kama kupendana na kusalimiana: wewe unanimaliza na mimi nakumaliza, tuko sawa. Kwenye karatasi ile aliyemaliza ni mmoja. Dereva alimaliza wiki ileile na kurudi kwenye usukani. Mjomba alianza. Alianza miezi minne ya kitanda, nauli za kwenda hospitali Dodoma, mpunga uliovunwa na vibarua wa kulipwa, binti aliyeacha genge lake la nyanya ili amgeuze ubavu. Ile 350,000 iliisha kabla ya plasta kutolewa.

Kuna jambo la kwanza ambalo kikao cha soda hakina uwezo nalo kabisa. Kuendesha gari ukiwa umelewa ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kumjeruhi mtu kwa uendeshaji wa hatari ni kosa jingine. Anayeshtaki ni Jamhuri. Mjomba wangu katika kesi hiyo ni shahidi, na shahidi hawezi kuuza kesi isiyo yake. Anaweza kumsamehe dereva moyoni, tena namheshimu kwa hilo. Lakini msamaha wake hauifuti jinai, kama ambavyo msamaha wangu kwa mwizi wa ng'ombe wa jirani haumrudishii jirani ng'ombe.

Tatizo ni kwamba kesi hiyo ina ushahidi unaoyeyuka. Kikomo chetu kisheria ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Ni kikomo cha ukarimu, maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi 50. Sasa mwili wa mtu huondoa kwa wastani miligramu 10 hadi 20 kila saa. Dereva mwenye miligramu 120 saa moja jioni, ukimpa kikao mpaka saa sita usiku, anaweza kuwa tayari yuko chini ya kikomo. Ukimwacha alale kwa kaka yake, asubuhi anafika kituoni amenyoa, amevaa shati jeupe, na kipimo kinasema yuko safi. Kile tunachokiita busara ya wazee, yaani tusikimbilie polisi, tuketi kwanza, kwa mlevi ni saa za bure za kulevuka. Hata kama hakuna mzee aliyekusudia hivyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni 112, palepale, hata kabla ya baiskeli kuondolewa barabarani, na kusisitiza dereva apimwe pumzi au damu usiku uleule. Piga picha namba ya gari, matairi yalipopita, chupa kama zimo ndani. Andika majina na simu za walioona. Vijana wa bodaboda waliona kila kitu, na hakuna aliyewauliza lolote mpaka nilipowauliza mimi, mwaka mmoja na nusu baadaye, nao wawili wameshahama.

Halafu PF3. Fomu hii inatolewa na polisi, daktari anaijaza, na ndiyo inayosema kwa maandishi ni mfupa gani ulivunjika na kwa kiasi gani. Watu wengi huichukulia kama kibali cha kutibiwa, kana kwamba aliyevunjika mguu lazima kwanza aombe ruhusa ya kuumia. Ni karatasi ya ushahidi. Anayevuja damu atibiwe, ndugu mmoja aende kituoni kuifuata. Na isiishie hapo. Polisi wakishachora ramani ya ajali na kuandika taarifa yao, na gari likishakaguliwa, kuna fomu nyingine ambazo kampuni za bima huziulizia kwa namba, PF90, PF93, PF115. Ajali iliyomalizwa kwa soda haizai hata moja kati ya hizo.

Hapo ndipo tunafika kwenye uongo ulionikera kuliko yote. Ndugu wa dereva walimwambia shangazi, kwa sauti ya kumhurumia, kwamba mkisema alikuwa amelewa bima itakataa kulipa na mtakosa vyote. Ukoo mzima ukanyamaza kuhusu pombe ili kuilinda bima ambayo hata hivyo hakuna aliyekwenda kuiomba.

Mimi si mwanasheria, ila nimesoma. Sheria ya Bima ya Magari inalazimisha kila gari liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na mtu wa tatu ndiye mjomba na baiskeli yake. Si msaada wa mwenye gari. Imelipiwa kabla ya ajali, kwa ajili ya mtu ambaye siku ya kulipia alikuwa bado hajulikani. Ulevi ni ugomvi kati ya kampuni na mteja wake. Mahakama ikishatoa hukumu kwamba aliyejeruhiwa alipwe, sheria inaitaka kampuni iliyotoa bima hiyo imlipe, hata pale ambapo ingekuwa na sababu ya kumkana mteja, kisha ikamdai huyo mteja yenyewe. Sharti moja linalowaangusha wengi ni taarifa: kampuni lazima ijulishwe mapema, kwa maandishi, kwamba kesi inafunguliwa. Isipojulishwa umeifungulia mlango wa kutokea. Kuijua kampuni yenyewe si kazi kubwa, kwa sababu mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, unakuonyesha bima ya gari mtandaoni kwa kutumia namba yake ya usajili. Nilifanya hivyo nikiwa kwenye daladala. Pikapu ile ilikuwa na bima hai siku ya ajali.

Najua hoja za upande wa pili, nimekua nikizisikia. Ajali ni mipango ya Mungu. Mtoto wa watu, utamfunga? Bwawani mpunga na mapatano, mjini mawakili. Mimi ni Mgogo, sina ugomvi na ujimbi wala na zabibu za Dodoma, na sidhani jela inaunga mfupa. Lakini hoja moja ni nzito na siwezi kuipuuza: kesi inachukua muda, na hospitali inataka hela leo. Mwenye mguu uliovunjika hana anasa ya kusubiri tarehe ya kutajwa.

Ni kweli. Basi pokea. Pokea hela ya matibabu, pokea hata na soda, na uandike kwamba ni mchango wa matibabu ya awali na kwamba madai mengine yote yapo palepale. Kinachoua ni ile sentensi ya "hatadai kitu kingine". Anayekuja kwa huruma ya kweli hataidai sentensi hiyo. Anayeidai usiku wa pili, kwa mtu aliyemeza dawa za maumivu, amekuja kununua.

Na walinunua kwa bei gani? Mahakama ikimtia dereva hatiani katika kesi ya jinai, inaweza kuamuru amlipe fidia majeruhi juu ya adhabu nyingine. Mbali na hilo, majeruhi anaweza kufungua kesi yake ya madai, na huko kinachohesabiwa ni gharama za hospitali, nauli, kipato kilichopotea, na maumivu yenyewe, na ulemavu utakaobaki. Gharama zinataka risiti, moja moja, kwa hiyo kila risiti ya panadol iwekwe. Mjomba alikuwa amezifungia nyanya.

Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka mitatu. Kwa wasio na uwezo wa wakili kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini yake. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Tuliojisifu kwa kuwatafsiria wazazi wetu barua za Kiingereza tumebaki bila kisingizio. Tunasoma riwaya, tunahariri mashairi ya wenzetu, halafu ukurasa mmoja unaoamua mguu wa mtu tunauacha uandikwe na ndugu wa aliyeuvunja.

Mwezi uliopita nilikwenda Bahi. Nilimkuta mjomba amekaa nje kwenye kigoda, mguu ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki vizuri. Nikamwamkia, nikamweleza nilichokuwa nimekisoma. Nikamwambia karatasi ile wakili wa upande wa pili ataitoa, na sisi tutajibu kwamba mkataba unahitaji ridhaa huru, na tutaeleza aliiweka dole akiwa katika hali gani. Nikamwambia tunaweza kushindwa. Imebaki miezi kumi na moja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Ulivyosema kwenye simu tumalizane, haya ulikuwa unayajua?"

"Hapana, mjomba."

"Haya." Akamwita binti yake alete ile karatasi kutoka kwenye bati la chai, na kalamu. Akanitaka nimwandikie jina la kampuni ya bima, kwa herufi kubwa, nyuma yake.