Daraja la Polinomia na Maji ya Mto Tana

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili kinafaa sokoni na katika ushairi, lakini ni muhali kukitumia kuelezea hisabati ya juu. Dai hili na lipimwe Garsen, kando ya Mto Tana.

Mwanafunzi wa Kipokomo au wa Kiorma anapofikia polinomia shuleni, huulizwa daraja lake kwa neno la Kiingereza ambalo pia hutaja nyuzi za pembe, nyuzi za joto na shahada ya chuo kikuu. Aghalabu huishia kukariri: tazama kipeo kikubwa kuliko vyote, andika jibu. Kanuni hiyo haina kasoro palipo na herufi moja. Herufi zikizidi, huvunjika.

Kiasi cha maji yapitayo mtoni kwa sekunde hukadiriwa kwa kuzidisha upana, kina na kasi, yaani uks. Hapana kipeo kinachoonekana, ilhali kila herufi ina kipeo 1. Jumla yake ni 3, na hilo ndilo daraja. Vipimo vyote vitatu vikiongezeka maradufu, maji hayawi mara 2 bali mara 8. Aliyeyaona mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 pale Garsen hahitaji kushawishiwa.

Palipo na mafungu kadhaa yasiyofanana, mathalani 3u²k + uks² + 5k³, vipeo hujumlishwa ndani ya kila fungu: 3, kisha 4, kisha 3. Daraja ni 4. Anayesaka kipeo kikubwa pekee atajibu 3, na hata haoni alipokosea.

Maelezo hayo yote yamewezekana kwa Kiswahili. Wanaopendelea utohozi "digrii" wanaurejesha mkanganyiko uleule wa Kiingereza. "Daraja" ni bora, hata kama Garsen litawakumbusha watu lile la kuvukia kwenda Lamu.

Tanzania imefundisha hisabati ya shule za msingi za umma kwa Kiswahili tangu 1967, kisha sekondari, polinomia zinapoanza, hugeukia Kiingereza. Kenya hugeuka mapema zaidi, licha ya Katiba ya 2010 kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, hodari wa kuandaa makongamano ya fasihi, havijaonyesha ari kama hiyo kwa istilahi za hisabati. Vingeanza kwa kuketi na walimu wa hisabati wa Garsen, wakiwa na ubao, chaki na ule mfano wa mto.